Wazee wanaovuka Atlantiki kwa makasia ili kuwachangia wagonjwa

KATIKA umri ambao wengi hujivunia kuketi kivulini na kuwatuma wajukuu dukani, Frank Rothwell aliingia peke yake katika mashua ndogo, akashika makasia na kuanza kuiacha nchi kavu.

Ilikuwa Desemba 12, 2020, katika bandari ya San Sebastian, kisiwani La Gomera. Kisiwa hicho ni miongoni mwa visiwa vya Canary vinavyomilikiwa na Uhispania, karibu na pwani ya kaskazini magharibi mwa Afrika. Mwingereza huyo, mwenyeji wa mji wa Oldham, alikuwa na umri wa miaka 70. Hakuwa mwanamichezo wa kulipwa wala mwanamaji wa jeshi, bali mfanyabiashara aliyejijenga kwa kazi ya uhandisi.

Siku 56 baadaye, Februari 6, 2021, aliwasili katika kisiwa cha Antigua, eneo la Karibea, ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki.  Safari yake iliwezesha kuchangwa kwa zaidi ya pauni milioni moja, takriban Sh150 milioni kwa viwango vya wakati huo, kwa shirika la Alzheimer's Research UK linalofadhili utafiti kuhusu maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Kisa hicho kiliwafanya wengi kujiuliza maswali. Je, mtu wa miaka 70 hupata wapi nguvu za kupiga makasia mchana na usiku kwa muda wa miezi miwili? Fedha hizo hutoka wapi na huchangwa vipi? Na je, ni busara kwa mzee kuhatarisha maisha yake hata kama nia yake ni njema?

Kuvuka bahari kwa makasia si jambo la jana. Mnamo 1896, wahamiaji wawili kutoka Norway waliokuwa wakiishi Marekani, George Harbo na Frank Samuelsen, waliondoka New York katika mashua iliyoitwa Fox. Baada ya siku 55 walifika visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza. Ilipita miaka 70 kabla ya wengine kufuata nyayo zao kwa mafanikio.

Mwaka wa 1966, wanajeshi wawili wa Uingereza, John Ridgway na Chay Blyth, walitoka Cape Cod, Marekani, hadi Ireland kwa siku 92. Mwaka uo huo Waingereza wengine wawili, David Johnstone na John Hoare, waliangamia katika jaribio kama hilo. Mashua yao ilipatikana baharini bila wenyewe.

Miaka mitatu baadaye, mnamo Julai 1969, John Fairfax alikuwa mtu wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kwa makasia. Safari yake kutoka visiwa vya Canary hadi Florida ilichukua siku 180.

Blyth ndiye aliyeugeuza ujasiri huo kuwa mashindano. Mnamo 1997 aliandaa mbio za kwanza za kuvuka Atlantiki kwa makasia, kutoka Tenerife hadi Barbados, ambapo mashua 30 zilishiriki. Siku hizi mashindano makubwa zaidi huanza La Gomera kila Desemba na kumalizikia katika bandari ya kale ya Nelson's Dockyard, Antigua. Wanaoshiriki huwa wauguzi, walimu, wanajeshi, wafanyabiashara na wastaafu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa kasia kabla ya kujiandikisha.

Umbali wenyewe ni takriban maili 3,000, yaani kilomita 4,800 hivi. Ni kana kwamba mtu amesafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi mara kumi, ila barabara yake ni maji matupu yenye kina cha kilomita kadhaa. Ukiigawanya safari ya Rothwell kwa siku alizotumia, utaona alikuwa akienda wastani wa kilomita 86 kwa siku, au pungufu kidogo ya kilomita nne kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu bila haraka angemwacha nyuma.

Hapo ndipo siri ya kwanza ya wazee hao ilipo. Mchezo huu hauhitaji kasi, wahitaji subira. Wataalamu wa afya ya michezo husema kuwa uwezo wa mwili wa kutumia hewa ya oksijeni hupungua kwa takriban asilimia kumi kila miaka kumi baada ya mtu kufikisha miaka 30. Aidha, misuli hupungua, na inayotangulia kudhoofika ni ile ya nguvu za ghafla, ambayo mkimbiaji wa mita 100 huitegemea.

Misuli ya kazi ya polepole na ya muda mrefu, kwa upande mwingine, hudumu zaidi kwa mtu anayeendelea kuitumia. Ndiyo maana mkulima wa miaka 65 anaweza kulima kutwa nzima ilhali hawezi kumfukuza kijana hatua hamsini. Kupiga makasia baharini ni kazi ya aina hiyo ya jembe. Ni mvuto mmoja baada ya mwingine, saa baada ya saa, bila kuchoka moyo.

Siri ya pili ni upepo. Mashua hizo hazina tanga wala injini, lakini haziendi kinyume na maumbile. Kuanzia visiwa vya Canary, pepo za kudumu huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusukuma maji kuelekea Karibea. Christopher Columbus alipoondoka La Gomera mnamo 1492 alitegemea pepo hizo hizo. Wakazi wa Lamu na Mombasa, ambao babu zao walingoja kaskazi na kusi ili majahazi yaende na kurudi Arabuni na Bara Hindi, hawatashangazwa na hekima hiyo. Mpiga makasia hutegemea upepo umsaidie, naye akaongeza nguvu zake juu yake.

Mashua zenyewe zimeundwa kwa ustadi mkubwa. Ya mtu mmoja huwa na urefu wa mita saba hivi, na ya watu wanne huzidi mita nane. Tezi na omo huwa na vyumba vidogo visivyoingiza maji, ambamo mtu hulala, huhifadhi vyombo na kujikinga na dhoruba. Katikati ni mahali pa kuketi na kupiga makasia, juu ya kiti kinachoteleza mbele na nyuma ili miguu ifanye kazi pamoja na mikono.

Vyumba hivyo vina manufaa mengine. Mashua ikipinduliwa na wimbi, hewa iliyo ndani yake pamoja na uzito uliowekwa chini huirudisha wima. Lakini hilo huwezekana tu iwapo milango imefungwa barabara. Mtu aliyeuacha mlango wazi kwa sababu ya joto huenda akajuta.

Maji ya kunywa hutolewa baharini kwa mtambo wa kuondoa chumvi unaoendeshwa kwa nishati ya jua. Chakula huwa kikavu, cha kutiwa maji ya moto, na lazima kitoshe safari nzima, kwa kuwa sheria za mashindano haziruhusu mtu kuongezewa chakula wala maji njiani. Mpiga makasia huweza kutumia zaidi ya kalori 5,000 kwa siku, kiasi ambacho tumbo hushindwa kukipokea. Kwa sababu hiyo karibu kila mmoja humaliza safari akiwa amepungua kilo kadhaa.

Kwa timu, kazi huendeshwa kwa zamu. Mtindo wa kawaida ni saa mbili za kupiga makasia na saa mbili za kupumzika, usiku na mchana. Katika saa hizo mbili za mapumziko mtu hula, hujisafisha, hutibu vidonda na kulala. Kwa hivyo hakuna anayelala zaidi ya dakika tisini mfululizo kwa wiki nyingi. Aliye peke yake hujipangia, lakini anapolala mashua hubaki bila mpiga makasia, na upepo waweza kumrudisha nyuma.

Dhoruba ikivuma kutoka mbele, hutupwa majini nanga ya kuelea, ambayo ni kitambaa kikubwa mfano wa mwavuli kinachozuia mashua kusukumwa ovyo. Kisha watu hujifungia chumbani na kungoja, pengine kwa siku mbili au tatu, huku joto na kichefuchefu vikiwatesa.

Maumivu ya kila siku hayatokani na mawimbi makubwa. Chumvi hukauka juu ya ngozi na kuikwaruza, makalio hufanya vidonda kwa kuketi, na vidole hujikunja vikakataa kunyooka asubuhi. Viumbe wadogo wa baharini hujigandisha chini ya mashua na kuipunguzia mwendo, hivyo basi mtu hulazimika kujifunga kamba na kuingia majini ili akaviparue.

Kwa mzee, mateso hayo huwa na uzito zaidi. Ngozi yake ni nyembamba na vidonda vyake huchelewa kupona. Hamu ya maji hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hivyo aweza kukaukiwa na maji mwilini bila kuhisi kiu. Uwezo wake wa kusimama imara katika chombo kinachoyumba pia si ule wa ujana, na mfupa ukivunjika katikati ya bahari hakuna hospitali ya kukimbilia.

Pamoja na hayo, wahenga walinena kuwa utu uzima dawa. Mtu aliyelea watoto, akazika wazazi na kuona biashara ikianguka na kuinuka hababaiki upesi. Aidha, mstaafu ana vitu viwili ambavyo kijana hana: muda wa kujiandaa kwa mwaka mmoja au miwili, na akiba ya kulipia maandalizi hayo.

Ushahidi wa hayo ni safari ya akina mama wanne kutoka eneo la Yorkshire, Uingereza: Janette Benaddi, Helen Butters, Niki Doeg na Frances Davies. Walifahamiana kwa sababu watoto wao walisoma shule moja, wakaanza kupiga makasia mtoni kama burudani. Mnamo Desemba 2015 waliondoka La Gomera wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 51, katika mashua iliyoitwa Rose.

Walifika Antigua Februari 25, 2016, baada ya siku 67. Wakati huo waliingia katika kumbukumbu kama timu ya wanawake yenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuvuka bahari kwa makasia. Michango yao ilielekezwa kwa huduma ya ndege za kubebea wagonjwa mahututi katika eneo lao na kwa vituo vya Maggie's vinavyowahudumia wanaougua saratani.

Mwingine ni Graham Walters, aliyekuwa na miaka 72. Aliondoka Gran Canaria mwishoni mwa Januari 2020, peke yake, katika mashua aliyoiunda kwa mikono yake mbele ya nyumba yake katika miaka ya tisini. Aliipa jina la babu yake, George Geary, aliyewahi kuichezea Uingereza mchezo wa kriketi. Alikuwa akilichangia shirika la Help for Heroes, ambalo huwasaidia wanajeshi waliojeruhiwa.

Walters alitumia siku 96. Alipoondoka, wengi duniani walikuwa wakisikia kwa mbali tu habari za ugonjwa mpya nchini Uchina. Alipofika Antigua Aprili 29, 2020, mipaka ilikuwa imefungwa, ndege zilikuwa zimesitishwa na mamilioni ya watu walikuwa wamejifungia majumbani. Mtu aliyejitenga na ulimwengu kwa hiari yake aliukuta ulimwengu wote umejitenga.

Kuhusu fedha, utaratibu wake si mgeni kwa Mkenya. Kila mwaka maelfu ya watu wamekuwa wakijitokeza jijini Nairobi kwa mbio za Mater Heart Run ili watoto wenye maradhi ya moyo wafanyiwe upasuaji. Anayekimbia hatibu mgonjwa kwa miguu yake. Jasho lake ni sababu tu ya wengine kutia mikono mifukoni. Kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo wachangaji wanavyoguswa.

Mpiga makasia hufungua ukurasa wa michango kwenye intaneti, na watu hutoa pauni tano, kumi au mia huku wakifuatilia mahali alipo kwa njia ya setilaiti. Nchini Uingereza, serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni moja inayotolewa kwa hisani na mlipa kodi aliyejaza fomu inayohitajika. Kwa Rothwell, wakfu wa kampuni ya maduka ya Iceland ulikubali kuongezea juu ya mchango wa umma, hadi pauni nusu milioni. Haba na haba ikajaza kibaba.

Hata hivyo, wapo wanaohoji hesabu hiyo. Mashua, vyakula, vifaa vya mawasiliano, mafunzo na ada za mashindano hugharimu makumi ya maelfu ya pauni. Wakosoaji huuliza ni kwa nini fedha hizo zisipelekwe moja kwa moja kwa wagonjwa, mzee naye akabaki nyumbani salama.

Jibu la watetezi ni kwamba fedha za maandalizi na fedha za hisani ni mafungu mawili tofauti. Wengi hujilipia gharama au hutafuta wadhamini, na mashua huuzwa tena baada ya safari. Vilevile, husema kuwa mchangaji wa kawaida hangetoa chochote kwa kuombwa tu, ila hufungua mkoba anapoona mwingine ameteseka kwa ajili ya jambo hilo. Kwa vyovyote vile, mwenye kutoa ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa: je, fedha zangu zinanunua makasia au zinanunua dawa? Safari ambayo mwenyewe hawezi kulijibu swali hilo waziwazi haistahili mchango.

Suala zito zaidi ni uhai. Mnamo Januari 1, 2022, Mfaransa Jean-Jacques Savin aliondoka Sagres, kusini mwa Ureno, akikusudia kuivuka Atlantiki peke yake. Hakuwa mgeni wa bahari. Miaka mitatu kabla ya hapo aliivuka bahari hiyo ndani ya pipa kubwa, akisukumwa na maji tu, kwa siku 127. Januari 14 alitimiza miaka 75 akiwa baharini.

Siku chache baadaye alitoa habari kwamba upepo ulikuwa mkali na kwamba vifaa vyake vilikosa nguvu za umeme, hata akalazimika kuondoa chumvi majini kwa mtambo wa mkono. Usiku wa kuamkia Januari 21, vifaa vyake viwili vya kutoa ishara ya hatari viliwashwa. Mashua yake ilipatikana ikiwa imepinduka karibu na visiwa vya Azores. Savin aliangamia.

Kifo hicho kilikumbusha kuwa uzoefu haumfungi mtu kinga. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na hata uliyoyafika hubadilika. Mashindano hulazimisha washiriki kusomea uongozaji wa chombo, huduma ya kwanza na namna ya kujiokoa baharini, pamoja na kufanya mazoezi ya saa nyingi yakiwemo ya usiku. Kila mmoja hutakiwa kujifunga kamba kwenye mashua awapo nje. Hata hivyo, meli ya msaada yaweza kuwa umbali wa siku kadhaa, na mara nyingi meli ya mizigo iliyo karibu ndiyo huombwa kugeuza njia. Anayeokoa naye huhatarisha uhai wake.

Kwa nini, basi, waendelee kwenda? Kwa Rothwell, sababu ilikuwa na jina. Shemeji yake, Roger, alikuwa akiugua maradhi ya Alzheimer, na alifariki akiwa na umri wa miaka 62 wakati Rothwell alipokuwa katikati ya bahari. Hakuweza kurudi kuzika. Alichoweza ni kuendelea kuvuta makasia.

Maradhi hayo huharibu ubongo polepole, yakianza na kusahau mambo madogo hadi mtu asiwatambue watoto wake. Hakuna tiba inayoyaponya. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na kwamba wengi wao wako katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani. Katika jamii nyingi dalili zake huchukuliwa kuwa uzee wa kawaida, na mahali pengine huhusishwa na urogi.

Hilo huifanya safari ya mzee mwenye akili timamu kuwa na maana inayozidi fedha. Maradhi yale huwanyang'anya watu wa rika lake uwezo wa kujua walipo. Naye hukaa peke yake baharini, akisoma dira na kuhesabu siku, kama ushahidi kwamba uzee wenyewe si ugonjwa, na kwamba anayepotelewa na kumbukumbu anastahili daktari kama mgonjwa mwingine yeyote.

Rothwell hakukomea hapo. Mwishoni mwa 2023 alirudi La Gomera na mashua aliyoipa jina la Never Too Old, maana yake kwamba hakuna aliyezeeka mno. Mnamo Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 73, alifika tena Antigua, bado akilichangia shirika lile lile.

Kwa mzee anayesoma habari hizi na kutamani naye kujaribu jambo, bahari si lazima. Madaktari hushauri mtu mwenye umri mkubwa apimwe moyo na shinikizo la damu kabla ya kuanza mazoezi mazito, aanze kidogo kidogo, anywe maji hata kabla ya kuhisi kiu, na asiache kabisa kuitumia misuli yake. Kutembea kila asubuhi hadi sokoni na kurudi hujenga misuli ile ile ya subira iliyomfikisha Rothwell ng'ambo.

Na kwa vijana walio na wazazi waliozeeka, kuna fundisho jingine. Mzee akianza kuuliza swali moja mara tano kwa asubuhi moja, asichekwe wala asishukiwe ubaya, bali apelekwe hospitalini. Kuna watu waliovuka bahari nzima kwa mikono yao ili siku moja daktari apate la kumwambia.